Gurudumu Dogo Liko Mbele

Mwanangu Mbarak,

Wenye adabu zao huanza barua kwa salamu. Wakauliza hali, wakaeleza hali, wakataja jamaa mmoja mmoja, hata karatasi ikafika nusu hakijasemwa kitu. Mimi nikuulize hali ya nini, na wewe uko nyuma ya ukuta huu hapa, namsikia mama yako akikugombeza kwa jinsi unavyokunja kanzu? Mungu akufikishe salama. Salamu zimekwisha, tuingie kazini.

Leo nimefunga kiwanda mapema, mara tu baada ya sala ya alasiri. Wamekuja watu wawili na majembe yao, nimewaambia warudi Jumamosi. Nimekaa juu ya kisanduku cha misumari, karatasi nimeilaza juu ya fuawe ninalofulia chuma, na nataka nimalize kabla ya adhana ya magharibi. Nikiingia ndani na maneno haya bado yako kifuani, nitayameza pamoja na wali, kama nilivyoyameza jana na juzi. Barua nitaitia katika mfuko wako wa vyombo, chini ya tupa, uikute usiku huu ukivifunga.

Mambo ya njiani siyagusi. Mama yako ameshakwambia yote, na mengine mara tatu: Tezo mchanga ni mwingi, shuka usukume, kivukoni Kilifi usimpe mtu baisikeli yako akushikie, Mtwapa usilale kwa usiyemjua. Hayo unayajua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Jumatatu.

Jumatatu utasimama mbele ya yule fundi mkuu Mgoa, mtu wa Goa, katika karakana yake ya baisikeli na vyerehani. Atakupa kipande cha chuma na tupa, akuambie ukichonge mraba, kiingie katika tundu lake kwa pande zote nne na mwanga usipite. Mwaka jana kipande hicho kilikushinda. Ametuma maneno kuwa atakutazama mara moja tena, na baada ya hapo basi. Wewe umeshinda mwaka mzima unaamini kwamba ulishindwa kwa sababu hujui kazi. Si kweli, na mimi najua kwa nini si kweli, na nimenyamaza mwaka mzima. Nitakueleza, lakini siwezi kuanzia hapo. Unanijua mimi, hata msumari siupigi kabla sijauzunguka. Lazima nianzie kwenye baisikeli ya Premji.

Unaujua mkono wa mjomba wako Sefu, ule usionyooka. Tangu u mtoto umeambiwa alianguka mnazini akigema. Mwongo ni mimi. Yeye alinifichia, na mama yako akatufichia sote wawili. Sefu hajapanda mnazi maisha yake, hata darini kwake hupanda akisoma dua. Mkono ule nilimvunja mimi kwa ujuaji wangu.

Ilikuwa hivi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, unajikwaa huku kiwandani na kula makaa. Premji, yule wa duka la nguo na mafuta ya taa, alikwenda Mombasa kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Akarudi na sanduku refu kama la kuzikia. Akaniita dukani, akafungua kifuniko, akasema, "Fundi, mimi nimenunua hii, lakini kichwa wapi, miguu wapi, sijui."

Ilikuwa baisikeli, vipande vipande, imefungwa kwa magunia. Na mjini hapa mtu wa kuulizwa habari za baisikeli alikuwa ni mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ujanani nilikaa Unguja mwaka mmoja nikijifunza kazi kwa Mhadhrami mmoja mfua vyuma, na huko nikamwona Mzungu anapita juu ya baisikeli ya gurudumu kubwa mbele, kubwa kweli, kifua chake kimepita madirisha ya watu, na nyuma yake kigurudumu kidogo kama sahani. Nilimwona mara mbili. Mara ya pili alikuwa amekaa chini, anashika pua. Basi nikarudi Malindi na habari hiyo, nikaisimulia kila baraza, na kila nikiisimulia elimu yangu ikazidi. Mtu aliyeona kitu mara mbili mbele ya watu ambao hawajakiona kabisa huwa mwanachuoni.

Tukatoa vipande, mimi na Sefu, tukavipanga juu ya mkeka. Nakwambia, mwanangu, kitu kile kilijiunga chenyewe. Kila tundu lilikuta parafujo yake, kila parafujo ikaingia kwa vidole viwili. Hatukupiga nyundo hata mara moja. Tulipomaliza tukarudi nyuma tukatazama. Gurudumu kubwa lilikuwa nyuma, linanifika kifuani, na kiti kiko juu yake. Gurudumu dogo lilikuwa mbele. Wala haikuwa na kanyagio za kuzunguka kama hizi za kwako. Ilikuwa na mikono miwili mirefu ya chuma, mmoja kila upande, na kila mkono umefungiwa ukanda wa ngozi uliozungushwa kwenye kitovu cha gurudumu. Ukikanyaga, ukanda unavutika na gurudumu linakwenda. Ukiachia, kuna chuma kama utepe uliokunjwa ndani, kinaurudisha ukanda mahali pake. Unaweza kukanyaga mguu mmoja mmoja, unaweza kukanyaga yote miwili kwa pamoja kama mtu anayeruka. Mpaka leo sijaona kitu kilichofikiriwa namna ile.

Ningekuwa na akili, ningekaa mbele yake siku nzima na kujiuliza: aliyefanya hivi alitaka nini? Nilicheka. Nikasema, "Imefungwa kinyume. Kubwa lazima liwe mbele."

Sefu akasema, "Lakini shemeji, matundu yamekubali yenyewe."

Nikamjibu, "Matundu hayana akili."

Neno hilo nimelisema mimi, baba yako. Limenikaa kooni miaka kumi na tano.

Nikaigeuza. Siku tatu nzima. Nikakigeuza kiti kitazame upande wa kubwa, nikautia usukani motoni nikaupinda, nikazigeuza zile kanda zivutie upande wa pili, nikatoboa matundu mapya pale ya zamani yalipokataa. Na yalikataa. Kila hatua chuma kilikataa. Kitu kikikataa mara nne, mwenye akili hukaa chini. Mimi nilileta nyundo kubwa zaidi. Premji alipita, akatazama matundu mapya, akaguna tu, kwa sababu fundi ni fundi.

Siku ya nne alfajiri tukaitoa, sisi watatu tu, kwa njia ya nyuma ya makaburi. Premji hakutaka watu wamcheke kabla hajajua kuipanda. Sefu ndiye aliyeomba aanze yeye. Kwa ardhini ni shujaa, ni juu tu anapoogopa, na siku ile sijui alijidanganya vipi kwamba pale si juu. Tukamshika, akapanda, akakanyaga yote miwili kwa pamoja. Ikaenda. Wallahi ikaenda, hatua thelathini, arobaini, kikoi chake kinapepea, na mimi nyuma nikijiona ndiye bwana wa vyuma wa pwani yote. Kisha njia ikainama kidogo, kidogo sana, jiwe moja likawa mbele, na lile gurudumu dogo la nyuma likainuka juu taratibu, kama mtu anayeinuka aage. Sefu akatupwa kifudifudi, mkono uko chini yake.

Tulipomfikia alikuwa mweupe usoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Imekwenda, shemeji. Umeona imekwenda?"

Mkono ukafungwa na yule mzee wa mifupa, ukaunga vibaya. Na habari ya mnazi aliitunga Sefu mwenyewe usiku uleule, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na dada yake alikuwa na mimba, na alijua mji ukisikia fundi amemvunja shemejiye kwa baisikeli aliyoibandika mwenyewe, hakuna atakayeniletea hata panga. Premji akaitundika baisikeli ghalani. Aliniambia, "Weka juu, Fundi. Sitaki kuona." Hakunidai neno jingine.

Sasa sikiliza ilivyonirudia. Ikapita miaka mitatu. Premji akapata sanduku la vyombo vya kauri kutoka Bombay, na vyombo vile vilizungushiwa kurasa za kitabu cha zamani cha muuza baisikeli. Akazinyoosha, akaniletea zote chini ya kwapa. "Fundi," akasema, "tazama ndugu zake."

Kurasa hizo unazijua. Ndizo zilizobandikwa ukutani hapa mpaka moshi umezipaka rangi ya chai. Wewe ulijifunza kutembea kati ya fuawe na mvukuto, lakini kufikiri nadhani ulijifunza mbele ya ukuta ule. Ulikuwa na miaka sita. Kulikuwa na ile ya mtu aliyekaa ndani ya gurudumu moja kubwa, linamzunguka pande zote, na ukaniuliza, "Baba, huyu anaona wapi njia?" Kesho yake ukarudi na swali la pili, mbona kofia yake haigeuki. Kulikuwa na ile ya watu wawili wamekaa ubavu kwa ubavu kama bwana na bibi harusi, na wewe ukataka kujua wakigombana njiani inakwendaje. Mama yako akakwambia inakwenda kama nyumba hii. Kulikuwa na ya bibi mwenye gauni pana, magurudumu mawili makubwa kulia na kushoto na yeye katikati kama chungu kwenye susu ya kamba. Kulikuwa na ya watu wengi wamepangwa mstari mmoja, wote wanakanyaga, na ulihesabu miguu mara kumi ukakuta mmoja haupo. Ulisema, "Yule wa nne ana mguu mmoja, wamemchukua vivyo hivyo." Nilicheka siku mbili.

Na mimi nilikuwa nikiwatazama wale waliozibuni. Kila mmoja alikuwa na lake linalomkera. Mmoja hakutaka gauni la mkewe liingie kwenye gurudumu, mwingine hakutaka kusafiri peke yake, mwingine sijui alikimbia nini hata akaingia ndani ya gurudumu. Walioshindwa ni wengi kuliko waliofaulu, unaona wazi, kwa sababu ziko wapi leo? Lakini hakuna hata mmoja aliyeweka kitu pale bure.

Ukurasa mmoja sikuubandika. Upo katika kijisanduku changu cha hati, na kesho ukitaka nitakupa. Ndani yake imechorwa baisikeli ya Premji. Gurudumu dogo liko mbele. Mikono miwili ya kukanyagia, kanda za ngozi, kiti juu ya kubwa, vilevile kama ilivyojiunga yenyewe juu ya mkeka siku ile. Na aliyeipanda, mwanangu, anashuka nayo ngazi. Ngazi za mawe, ndefu, za jumba kubwa. Amekaa wima, ndevu zimechanwa, anashuka kama mtu anayekwenda sokoni kununua ndizi.

Mpwa wa Premji alikuwa anajua Kiingereza, akatusomea. Maneno yalikuwa machache. Yalisema baisikeli za zamani za gurudumu kubwa mbele humrusha mtu kifudifudi, basi mwenye kuitengeneza hii ameliweka dogo mbele ili limzuie, asipinduke.

Nilikaa chini sakafuni, dukani, kati ya marobota ya nguo. Mtu wa mbali alikaa akafikiri, akaona pua za watu zinavunjika, akatafuta dawa, akaipata. Dawa ikavuka bahari ikafika mikononi mwangu, na mimi nikakesha siku tatu kuiondoa. Premji hakunicheka. Aliniambia tu, "Basi irudishe, Fundi." Nikairudisha, siku moja tu ilitosha. Matundu yale ya kwanza yalikuwa yananingoja. Premji akaipanda kila jioni kutoka dukani mpaka kwenye kisima na kurudi, nguo yake ameichomeka kiunoni, ana furaha kama mtoto, na hakuanguka hata siku moja mpaka kutu ya chumvi ilipoimaliza. Matundu yangu mapya yalibaki wazi kwenye chuma. Na mkono wa Sefu hauna parafujo za kufungua.

Basi nikawa mtu wa hekima. Kila mtu akinijia kiwandani namwambia, chombo kigeni kiulize kwanza kabla hujakisahihisha. Nilisema hivyo kwa mafundi, nilisema kwa wavuvi, nilimwambia hata kadhi aliponiletea saa yake. Na katika wiki zilezile nilizokuwa nikisema hivyo, kila asubuhi kabla hujakwenda chuoni kusoma Kurani, nilikuwa nikikufunga mkono wako wa kushoto kiunoni kwa kipande cha shuka.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujielewa.

Wewe ni mashoto, Mbarak. Ulizaliwa hivyo. Kabla hujasema neno ulikuwa ukinyoosha kushoto. Nami niliogopa. Niliogopa watu watasema mtoto wa fundi anampa mtu kitu kwa mkono wa chooni. Niliogopa barazani utasalimia kwa mkono usio wako wa salamu na wazee watanitazama mimi. Mwalimu wako wa chuo aliniita mara moja, akaniambia, "Salimu, mfundishe kula na kupokea kwa kulia, hayo mengine muache." Nikaona mwalimu analegea. Nikakufunga miezi minane.

Ulikuwa hulii. Ungelia labda ningeacha.

Nataka nikukumbushe siku ya yule mpima ardhi, japo najua hukuisahau. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja kutoka upande wa Gongoni na ile baisikeli yake ya vyuma vyembamba vilivyopishana pishana kama mitego ya samaki, na kiti chake hakikuwa kiti, kilikuwa kamba zilizosukwa na kutundikwa mbele na nyuma, kama kitanda chetu cha kamba kilichofanywa kidogo mtu akae. Nilikizunguka mara tano. Jamaa huyu alizunguka dunia nzima akalala juu ya kitanda cha pwani bila kujua. Kamba zilikuwa zimekatika upande mmoja, naye anataka kesho afike Kilifi.

Nikampelekea Bi Zuhura, msuka vitanda, mkono wake haujapata kulaumiwa. Akasuka, kikakaa upande. Akafumua, akasuka tena, kikakaa upande tena. Mpima ardhi angefika Kilifi na nyonga moja. Bi Zuhura akasema kitu hiki kina shetani, akakirudisha.

Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni unatazama zile kamba nzima zilizobaki. Ukasema polepole, "Si shetani. Zimepindwa kwa upande wa pili." Nikakwambia nyamaza. Nilipokwenda kusali ukakichukua, ukaenda nacho nyuma ya kiwanda. Nilipomaliza kula ulikuwa umekiweka juu ya fuawe, kimenyooka, kimekaza, huwezi kujua ya zamani ni zipi na mpya ni zipi.

Mpima ardhi akakaa, akarukaruka, akafurahi. Akauliza, "Nani amefanya?"

Nikasema, "Mimi."

Ulikuwa umesimama karibu na mvukuto, unatazama vidole vyako vya miguu. Alipoondoka nikakuuliza umesuka kwa mkono gani. Ukauficha nyuma. Nikakupiga kofi.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni nikarudi. Nimeiacha.

Tangu siku ile mbele yangu hukutumia tena mkono wa kushoto. Baisikeli yako hii nzuri unayosafiri nayo umeiunda humu ndani kwa vyuma vya mabaki, na mimi sikuuona mkono wa kushoto hata mara moja. Lakini mimi ni mfua vyuma, masikio yangu yako kazini kabla ya macho. Nikitoka msikitini, nikiwa bado uchochoroni, nasikia tupa yako. Sauti ndefu, sawasawa, mtu anajua anakokwenda. Nikifika mlangoni na kivuli changu kikaingia, sauti inakatika, na inapoanza tena inakwaruza. Miaka sita nimesikia mabadiliko hayo, na miaka sita nimeingia ndani nikaitikia "shikamoo" yako nikakaa, kana kwamba sikusikia.

Sasa tufike mwaka jana.

Nilikusindikiza mwenyewe mpaka Mombasa. Fundi mkuu akakupa chuma, akakupa tupa, akarudi nyuma akafunga mikono kifuani. Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango. Ukageuka kwenye jiliwa, kile kibano cha kushikia chuma, ukatafuta mahali pa kusimama, na bila kufikiri, kwa sababu mawazo yako yote yalikuwa kwenye chuma, ukaishika tupa kwa mkono wa kushoto. Ukaivuta mara tatu. Sauti ile ndefu. Nilimwona Mgoa akiinua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake.

Nikakohoa.

Sikuwa na kikohozi. Wewe ulijua, mimi nilijua. Ukabadilisha mkono. Kilichofuata wanakijua wote waliokuwepo. Upande wa kwanza ukatoka wa duara, upande wa pili ukapinda, mwanga ukapita pembe mbili. Mgoa akakirudisha chuma. Njiani kurudi ukaniomba radhi kwa kuniaibisha. Uliniomba radhi, Mbarak, pale kivukoni Kilifi, na mimi nikakwambia, "Si kitu, Mungu atajaalia," kana kwamba ninakusamehe.

Nadhani fundi mkuu anakuita tena kwa sababu ya zile sauti tatu.

Kwa hiyo hili ndilo ninalolitaka. Kula kwa kulia, pokea na umpe mtu kwa kulia, salimia kwa kulia. Hayo ni dini na ni adabu, siyabadilishi, wala mwalimu wako hakuwahi kusema zaidi ya hayo. Lakini tupa haina sunna. Jumatatu simama upande wa jiliwa unaokufaa, hata kama mafundi wote wanasimama upande mwingine, na ufanye kazi kwa mkono uliopewa. Mtu akicheka, muache amalize. Nami nilicheka, na unajua nilivyomaliza.

Safari hii siji. Nimemwambia mama yako goti linaniuma, lakini goti ni zima. Siamini koo langu.

Na ukipita kwa Sefu asubuhi kumuaga, muulize habari ya baisikeli. Nimemwambia leo kuwa ana ruhusa. Aliniuliza, "Yote, shemeji?" Nikasema yote. Alifurahi mno, ametoka hapa anaisimulia peke yake njiani. Mpe nafasi, usiwe na haraka, hata ukichelewa kidogo si neno.

Desturi ni kwamba mtoto anayesafiri huomba radhi kwa mzazi wake. Kesho utakuja utaniinamia, nami nitakushika kichwa nikupe, na zote ni zako tangu zamani. Lakini na mimi nataka zako. Usinijibu kesho mbele ya watu. Usinijibu hata kwa barua kama huwezi. Nimekukosea kwa mkono wako, na nimekukosea kwa kazi yako niliyosema ni yangu. Niwie radhi, mwanangu. Nilikuona wewe ndiye uliyefungwa kinyume.

Muadhini anapanda. Jambo la mwisho. Ulipokuwa chuoni mdogo, jioni moja uliniambia kuwa hati yetu hii ya herufi za Kiarabu inatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anayeandika kwa kulia mkono wake unafuata nyuma na kupakaza wino, na anayeandika kwa kushoto wino wake unabaki safi. Nilikwambia usinifundishe. Mistari hii ya mwisho, kuanzia pale nilipomtaja muadhini, nimeiandika kwa mkono wangu wa kushoto. Imenichukua muda kuliko ukurasa mzima. Jasho limenitoka, herufi zimelewa, sijui kama utazisoma, na kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa nikikutaka ufanye kila siku ya maisha yako.

Lakini tazama, wino haukupakaza.

Baba yako,
Salimu